Kamba Mkononi: Kumtembeza Mbwa Pwani ya Norfolk Wakati wa Baridi

Kama uko jikoni unasubiri chai ichemke, karibu. Kama uko kwenye basi unaelekea zamu ya asubuhi na dirisha limejaa ukungu, karibu pia. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatukulelewa nalo: kumchukua mbwa na kwenda naye matembezi marefu, msituni na ufukweni, tena katikati ya majira ya baridi, saa ambazo mtu mwenye akili zake yuko ndani amejifunika blanketi.

Nitazungumzia mahali ninapotembea mwenyewe, pwani ya kaskazini ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ukiwa Denmark, ukiwa Uholanzi, mengi yatakufaa vilevile, maana bahari ni ileile moja, Bahari ya Kaskazini, na upepo wake haujui mpaka wa nchi.

Utaniuliza, mada hii imetoka wapi? Imetoka kwenu. Wapo ndugu zetu wengi huku wanaofanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Unafika kwa bibi wa watu asubuhi, unamwogesha, unampa dawa zake, unamwandalia uji wake wa shayiri, halafu anakutazama kwa upole anasema: na huyu naye je? Unageuka, unamkuta mbwa amekaa mlangoni, kamba yake ameibeba mdomoni. Hapo utasema nini? Na wapo wazazi ambao watoto wao wamezaliwa huku, na mtoto hakuwapa usingizi mpaka mbwa akaletwa. Mtoto aliahidi kumtembeza kila siku. Sasa ni Januari, kunanyesha, na anayevaa gambuti kutoka nje ni nani? Ni baba.

Kwetu mbwa alikuwa mlinzi. Mchana kutwa alilala chini ya mwembe, usiku akafunguliwa, na kazi yake aliijua. Hakuna aliyemtembeza, alijitembeza. Huku mbwa anaishi ndani, karibu na joto, na asipotolewa nje nguvu zake zote atazimalizia kwenye kochi. Kwa hiyo atoke, mvua inyeshe isinyeshe.

Najua pia kuna wasikilizaji Waislamu ambao suala la mate ya mbwa kwao si dogo. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wa watu wa pwani yetu, kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Masheikh ndio wa kuulizwa, mimi si mtaalamu wa fani hiyo. Ila nitasema hili la kazini: ukiwa na udhuru, mweleze mwajiri mapema na kwa uwazi, kabla hujapangiwa nyumba yenye mbwa. Na wapo wanaokubali kazi hiyo wakavaa glavu na koti maalumu la matembezi, wakaliacha koti hilo hukohuko nje ya nyumba. Kila mtu na njia yake.

Haya, tutoke sasa. Lakini kabla hatujavuka kizingiti, niseme neno moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke. Kamba. Kamba uwe nayo, na ujue saa ya kumfunga mbwa na saa ya kumwachia. Mbwa hajui yuko mahali gani. Yeye anafuata pua. Anayepajua mahali ni wewe.

Jambo la kwanza ni saa. Desemba huku, jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi alasiri. Kuzama kweli, si kuinama. Mimi hupenda niwe nimeanza kutembea kufikia saa nne, na saa nane nigeuke kurudi, hata kama mbwa bado ana hamu na anga bado lina mwanga. Msituni giza hutangulia. Chukua tochi. Mfunge mbwa taa ndogo shingoni, zile zinazowaka kwa betri. Mbwa mweusi kwenye njia nyeusi humwoni hata akiwa hatua kumi mbele yako. Na mkanda wake wa shingoni uwe na kibati chenye jina na anwani ya mwenye mbwa. Hiyo ni sheria ya Uingereza, si mapambo. Ile chipu inayowekwa chini ya ngozi nayo ni ya lazima tangu mwaka 2016, lakini chipu inahitaji mashine kuisoma. Kibati kinasomwa na yeyote aliyemwokota mbwa wako njiani.

Je, mbwa naye avae koti? Watu hucheka, na nilipofika mara ya kwanza nilicheka pia, kwa sababu nilikutana na mbwa mwenye koti zuri kuliko langu. Jibu ni kwamba inategemea mbwa. Labrador ana manyoya mazito ya ndani, hahitaji. Wale mbwa wembamba wa mbio, wenye mbavu za kuhesabika na manyoya kama kitambaa cha hariri, wanahitaji. Mbwa mzee anahitaji, na mbwa mdogo sana anahitaji. Mwangalie mwenyewe: akitetemeka, akianza kutembea polepole na kuinua mguu mmoja mmoja, huyo amepata baridi, mrudishe nyumbani.

Tuingie msituni. Ukifika Holkham unaacha gari Lady Anne's Drive, barabara iliyonyooka katikati ya malisho yenye majimaji, na mbele yako unaona ukuta wa kijani. Ni misonobari. Haikuota yenyewe. Ilipandwa karne ya 19 na mabwanyenye wenye ardhi ya Holkham, ili ishike mchanga wa matuta usipeperushwe kwenda kufukia mashamba. Leo ni msitu mrefu unaofuatana na bahari, na wakati wa baridi una sifa moja kubwa: unakata upepo. Nje upepo unakutoa machozi. Ukiingia ndani, kimya. Chini ni mchanga na majani makavu ya msonobari, miguu ya mbwa haiumii, na njia ni pana.

Hapo ndipo wengi wanapowafungua mbwa. Je, ni sawa? Ni sawa kwa mbwa anayeitika. Na kuitika, wasikilizaji, ni kuitika mara ya kwanza, hata kama kulungu mdogo amekatiza mbele yake. Mbwa anayeitika baada ya mara ya tano si mbwa anayeitika. Ni mbwa aliyemaliza shughuli zake. Huyo mfunge kamba ndefu, aranderande huku wewe umeshika mwisho wake. Beba vipande vidogo vya soseji mfukoni, na kila akirudi mpe kimoja. Nimeona mabwana wakubwa wenye makoti ya bei mbaya wakipiga mayowe msituni dakika ishirini nzima, mbwa hayupo. Kipande cha soseji kingewatosha.

Ukitoka kwenye msitu wa mchanga ukaenda misitu ya bara, utakutana na matope. Hapa nina onyo. Kuna ugonjwa unaoitwa Alabama rot. Ulianza kujulikana Marekani miaka ya 1980, na Uingereza ukaonekana mwaka 2012. Unaanza na kidonda mguuni, tumboni au mdomoni, kidonda ambacho huelewi kimetoka wapi, halafu baadhi ya mbwa figo zao zinakufa. Chanzo chake wataalamu bado hawajakijua. Kinachojulikana ni kwamba visa vingi hutokea kati ya Novemba na Mei, na vingi ni vya mbwa waliotembea kwenye misitu yenye matope. Ni ugonjwa wa nadra, msitishike mkaacha kutoka. Ila ukirudi, osha miguu na tumbo la mbwa matope yote yatoke, mkaushe, na umkague. Ukiona kidonda usichokielewa, usingoje Jumatatu, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Na kondoo je? Njiani huku utawakuta, na wakati wa baridi kondoo majike wengi wana mimba. Mbwa si lazima aume. Akiwakimbiza tu, kondoo mwenye mimba anaweza kuitoa. Ndiyo maana palipo na kondoo mbwa anafungwa, na kwenye maeneo ya wazi waliyoruhusiwa watu kutembea, kamba karibu na mifugo isizidi mita 2. Na mfugaji akikosa njia nyingine ya kuokoa mifugo yake, sheria inamlinda hata akimpiga mbwa risasi. Usiniambie mbwa wako mpole. Mfugaji hamjui.

Sasa tuvuke msitu, tupande njia ya mbao, na tufungue macho. Ufuko wa Holkham wakati maji yamekupwa ni mpana mno, mchanga unaenda mpaka bahari inabaki kamstari keupe kwa mbali. Mbwa akifika hapo anapandwa na wazimu. Anazunguka, anakimbia bila sababu, masikio nyuma. Na kusema kweli, ni raha kumtazama.

Lakini ngoja kwanza. Ufuko huo mtupu, ni mtupu kweli?

Tazama juu kwanza. Alfajiri na jioni utasikia kelele kabla hujaona kitu, halafu anga linajaa mistari ya mabata bukini, maelfu kwa maelfu. Hao ni wale wenye miguu ya waridi, wanatoka Iceland na Greenland kuja Norfolk kukwepa baridi ya kwao. Yaani hii inayokutoa wewe machozi, kwao ndiyo nafuu. Usiku wanalala kwenye mchanga na tope la pwani. Mchana wanakwenda mashambani kula mabaki ya viazi sukari baada ya mavuno. Wengine, bata bukini weusi, wanatoka kaskazini mwa Siberia.

Kisha tazama chini, kwenye ukingo wa maji. Vitwitwi. Vidogo, vyeupe kwa kijivu, vinakimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi, miguu haionekani kwa kasi. Kama ulikulia Watamu au Mida, Kenya, ndege wa jinsi hiyohiyo umewaona, maana wako wanaokwenda kukaa majira haya kwenye fukwe zetu wakati wenzao wamebaki huku kwenye baridi.

Kwa nini nawataja? Kwa sababu ndege wa baridi anaishi kama mtu aliyebakiwa na hela za kuhesabu na mwisho wa mwezi uko mbali. Mchana ni mfupi. Chakula chake kiko mchangani, kinapatikana maji yakikupwa tu. Maji yakijaa, anasogea na wenzake kwenye kipande kidogo cha pakavu, anasimama mguu mmoja, anahifadhi nguvu. Mbwa wako anakuja mbio, anafurahi, hana nia mbaya. Kundi zima linaruka. Linazunguka, linatua. Mbwa wa pili anakuja, linaruka tena. Kila kuruka ni nguvu iliyotumika bila chakula kuingia. Mbwa hakumgusa hata mmoja, lakini usiku wa jalidi kuna ambaye hataamka.

Kwa hiyo ukiona ndege wamekusanyika ukingoni, hasa maji yanapojaa, mfunge mbwa, pita mbali, uwape nafasi. Pale Holkham kuna sehemu hufungwa kamba wakati wa baridi kwa ajili ya ndege wadogo wanaokula mbegu kwenye nyasi za chumvi. Nimewahi kumsikia mtu akisema, mbwa wangu anataka kucheza tu. Sawa, yeye anacheza. Ndege hachezi.

Sasa bahari yenyewe. Wasikilizaji wa Bagamoyo, Pemba na Lamu, hapa ninyi ndio walimu. Mnajua maji kujaa na kupwa, mnajua bamvua na maji mafu, na mnajua kwamba kila siku maji yanachelewa kidogo kuliko jana. Mtu wa bara aliyefika huku moja kwa moja kutoka Dodoma au Nakuru hajui, naye ndiye ninayemhofia. Pwani hii ni tambarare. Maji yanaporudi hayaji kutoka mbele yako kama unavyodhani. Yanapitia vijito vilivyo nyuma yako, kimya kimya, na wewe uko kwenye fungu la mchanga unapiga picha za mbwa. Ukigeuka, kijito ulichovuka kwa kukiruka sasa kinafika kiunoni. Wells-next-the-Sea, mji wa jirani na Holkham, wameweka king'ora ufukweni; kikilia, maana yake maji yameanza kuingia, na aliye upande wa mchanga wa mbali arudi mara hiyohiyo. Hakuna kumaliza picha. Hakuna kumsubiri mbwa amalize kuchimba.

Angalia saa za maji kabla ya kutoka nyumbani. Ratiba yake iko kwenye simu, haikugharimu kitu. Toka maji yakiwa yanakupwa, rudi kabla hayajageuka. Na siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, wakati wa bamvua, jipe muda zaidi.

Je, mbwa akiingia majini akashindwa kutoka, ufanye nini? Sikiliza vizuri, hili ndilo linaloua watu. Usimfuate. Narudia: usimfuate. Bahari hii Februari huwa na joto la nyuzi 5 au 6 hivi, na wewe umezoea maji ya Unguja ya nyuzi 25 na zaidi. Ukitumbukia ghafla, mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka, na ukivuta maji umekwisha, hata kama ni muogeleaji wa kutoka Nungwi. Mbwa mara nyingi anajitoa mwenyewe. Sogea mahali penye mteremko, panapomwezesha kupanda, mwite kutoka hapo. Ukiona hali ni mbaya, piga 999 na uombe Coastguard. Na kama umeanguka wewe, lala chali, acha mwili uelee, tulia mpaka pumzi irudi, ndipo uogelee. Na bwawa lililoganda juu, msituni au bustanini, ni hivyohivyo. Barafu inayombeba mbwa haikubebi wewe. Ukiona barafu, kamba.

Tuje kwenye lile ninalodhani hamjawahi kulisikia. Dhoruba zikipita, bahari inatupa vitu ufukweni. Mwani, kamba za wavuvi, maganda. Na wakati mwingine utakuta madonge meupe au ya manjano, mengine madogo kama jiwe la kurusha, mengine makubwa kama mtungi, yamegandamana kama mshumaa, yana harufu ya mafuta yaliyochacha au ya dizeli. Unajua ni nini? Mawese. Mawese haya haya ambayo mtu wa Kigoma au wa Kisangani anayajua yakiwa mekundu na ya moto juu ya maharage. Meli za mizigo huyasafirisha kwa wingi, zikiosha matangi baharini mabaki yanatoka, na kwenye maji ya baridi yanaganda. Kanuni za kuosha matangi katika bahari hizi zilikazwa mwaka 2021, lakini madonge bado yanaonekana. Mbwa anayapenda kupita kiasi. Akiyala, tumbo linaharibika, kongosho linaweza kuvimba, na donge likimezwa zima linaweza kuziba utumbo. Na hapo hatujataja uchafu wa dizeli ulioyashika njiani. Mbwa wamekufa kwa hilo katika fukwe za Uingereza. Nimeona mbwa wa jirani ninayemtembeza akilisogelea moja, pua imeinuka, mkia unapiga, mate yameanza kudondoka kabla hajafika. Ungedhani ameona nyama choma. Nilivuta kamba.

Halafu kuna viti vya pweza. Mwanzoni mwa mwaka 2018, baada ya dhoruba, mbwa waliokula viumbe vilivyotupwa kwenye fukwe za mashariki mwa Uingereza waliugua. Katika wiki mbili walithibitishwa 9, na 2 kati yao walikufa. Wanasayansi walipima wakakuta sumu inayopooza misuli, ile ambayo kwa kawaida watu huiogopa kwenye chaza na kome, na safari hii ilikuwa ndani ya viti vya pweza, kaa na samaki waliokufa ufukweni. Dalili ni kuyumba, kutapika, miguu kulegea. Kwa hiyo baada ya dhoruba, ukienda ufukweni, mbwa akae kwenye kamba fupi na umfundishe neno moja la kumwachisha. Mimi nasema "acha", kwa Kiswahili, na mbwa wa Kiingereza anaelewa. Akishaokota kitu na kukimeza, mpigie daktari wa wanyama simu palepale, usisubiri dalili. Piga picha ya alichokula.

Na beba maji matamu. Ndiyo, kwenye baridi! Mbwa aliyekimbia ana kiu, na asipopewa maji atakunywa ya bahari, halafu usiku kucha mtakuwa mnafunguliana mlango.

Nimebakiza sili. Kuanzia Novemba hadi Januari, sili wa kijivu wanazaa kwenye fukwe za Norfolk, kwa wingi sana Blakeney Point na kule Horsey. Mtoto anazaliwa na manyoya meupe, ananyonya kama wiki tatu, halafu mama anaondoka. Utamkuta amelala peke yake mchangani, macho makubwa, utadhani ametelekezwa. Usimsogelee, na mbwa asimsogelee kabisa. Mama anaweza kuwa majini anakutazama, akiogopa hatarudi. Isitoshe, sili ana meno, na jeraha la meno hayo huoza vibaya. Sehemu hizo zina walinzi wa kujitolea na kamba za mpaka. Msimu wa kuzaa, mimi naona bora mbwa umwache nyumbani ukawatazame sili mwenyewe, kutoka pale walipokuelekeza.

Kuna pia habari ya maradhi. Mwaka 1988 na tena 2002 sili walikufa kwa maelfu katika bahari hii kwa virusi vilivyo ndugu wa vile vya ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa. Watanzania wanaufahamu ugonjwa huo kwa njia nyingine: mwaka 1994 distempa yenyewe iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Chanjo yake ipo. Kama mbwa ni wa mzee unayemhudumia, uliza kama amechanjwa.

Tumerudi kwenye gari, tumechoka. Usiwashe injini bado. Toa taulo. Anza na miguu: tenganisha vidole, utakuta mchanga, na siku ya theluji utakuta vidonge vya barafu vimeshikana na manyoya, viyeyushe kwa kiganja, usivivute. Kama mmepitia barabara iliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, mwoshe miguu kabla hajailamba. Kisha tumbo, kisha masikio. Na ukiona kesho yake mkia wa mbwa umening'inia kama kamba iliyokatika, hasa Labrador aliyeogelea, usishangae: misuli ya mkia huweza kupata mkazo kwa maji ya baridi. Mara nyingi unapona kwa siku chache, lakini mwoneshe daktari ampe dawa ya maumivu.

Kuna swali moja niliulizwa na dada mmoja mwenye kuogopa mbwa: mimi sina mbwa, natembea zangu ufukweni, mbwa mkubwa asiye na kamba ananijia mbio, nifanye nini? Dada, usikimbie. Ukikimbia umekuwa mchezo. Simama, kunja mikono kifuani, tazama pembeni, nyamaza. Mwenyewe atakuja akihema, na atakwambia kwamba mbwa wake ni rafiki wa kila mtu. Una haki ya kumwambia, kwa adabu kabisa, amfunge.

Fundi mitambo ananionesha mkono, dakika zimekwisha. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza habari ya kusoma bili ya gesi bila kupandisha presha. Kwa leo kwaherini, na mliopangiwa zamu ya usiku, kazi njema.